Mshono wa Namba Saba

Chumba cha kushonea
3 Machi

Bwana Kwa Nini,

Salamu sikupi. Nilizianza mara mbili, nikazikunja karatasi zote mbili nikatupa. Ukiona maandishi yanapanda na kushuka, ni macho, si hasira, ingawa hasira nayo ipo, tena tele. Na kama unajiuliza kwa nini dada yako anakuandikia barua zama hizi za simu, jibu ni kwamba simu zangu hupokei, na ukipokea uko mkutanoni. Karatasi haikatiki.

Jumanne nilikuwa kliniki ya sukari, nimekaa kwenye benchi nasubiri kubadilishwa bandeji. Ndiyo, bandeji. Wamenikata kidole cha mguu wa kushoto, kile kinachofuatana na kile kidogo cha mwisho. Hukujua kwa sababu hukuuliza. Ukutani walikuwa wamebandika ukurasa wa gazeti, na wewe huyo, koti jeupe, mikono umeikunja kifuani. Nikamwambia nesi, huyo ni mdogo wangu, tumbo moja, tangu mtoto tunamwita Bwana Kwa Nini kwa jinsi alivyotuchosha kwa maswali. Nesi akafurahi, akausoma ukurasa wote kwa sauti ili benchi zima lisikie.

Kumbe umegundua kwa nini msuli wa mtu mzima, asiyeumwa chochote, unaweza kuwa kiziwi kwa insulini miaka mingi kabla sukari haijapanda kwenye damu. Kumbe jambo lote hilo lilitokana na mtu mmoja, Namba Saba, mwanamke wa miaka thelathini na nne. Kumbe seli zake sasa ziko kwenye maabara za nchi kumi na nne. Nesi anasoma, mimi naitikia kwa kichwa, najisikia fahari, mjinga mimi.

Halafu akafika kwenye kichekesho. Kwamba daktari alipomaliza kuchukua kipande cha nyama pajani kwa yule mwanamke, akaanza kushona, mwanamke akainua kichwa akatazama, akasema: "Daktari, hebu toka hapo. Mshono wako umepinda. Nipe hiyo sindano nimalizie mwenyewe." Gazeti linasema hukiachi kila unapohutubia, na watu huvunjika mbavu. Benchi zima lilicheka. Hata mzee mmoja ambaye hana miguu yote miwili alicheka mpaka akafuta machozi.

Mimi sikucheka. Aliyesema maneno hayo ni mimi, na nilikuwa nimekaa pale pale chini ya picha yako.

Basi nina swali moja, wewe mwenye maswali. Miaka kumi na moja iliyopita uliniambia, "Majibu yako safi, Dada, nenda kashone." Siku uliponiambia hivyo, ulikuwa unajua nini?

Ni mimi dada yako,
mtu mzima asiyeumwa chochote


Maabara, ghorofa ya tatu
14 Machi

Dada yangu mpendwa,

Nimepokea barua yako na imenihuzunisha sana kusikia habari za kidole. Pole sana. Ningejua ningekuja, lakini unajua jinsi kazi ilivyonibana.

Naomba nikueleze jambo moja kwa utulivu. Katika utafiti wetu sampuli hazina majina, zina namba. Mtafiti anayepima hapaswi kujua kipande ni cha nani, na hiyo ni kanuni inayomlinda mshiriki mwenyewe. Walikuwa washiriki ishirini na wanne. Namba Saba anaweza kuwa yeyote kati yao. Kuhusu kichekesho cha gazetini, hayo ni maneno ya washiriki kadhaa niliyoyaunganisha ili kuchangamsha wasikilizaji. Usiyachukulie moyoni.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini, nami nikakujibu kwa haraka. Ni hivi. Baada ya kula, insulini hufika kwenye msuli na kubisha hodi. Ndani ya seli kuna wahudumu wanaopashana habari, huyu anamwambia yule, mpaka wa mwisho anafungua mlango na sukari inaingia kutoka kwenye damu. Kwa Namba Saba hodi inasikika vizuri mlangoni, ila habari inafia njiani, kwa mhudumu wa tatu. Sukari inabaki nje. Kwa miaka kadhaa kongosho linatoa insulini zaidi na zaidi kufidia, na mtu haoni dalili yoyote. Mpaka kongosho lichoke. Sasa tuna dawa ya majaribio inayomwamsha yule mhudumu wa tatu. Kama ingekuwepo wakati wa Baba, pengine asingekatwa mguu.

Kwa upande wako, punguza wanga, tembea nusu saa kila siku, na kagua nyayo zako kila jioni. Tarehe 20 Juni natoa hotuba yangu ya uprofesa. Nimekuwekea kiti cha mbele. Mpwa wangu, binti yako, naye aje, na umwambie tena asante kwa kushiriki utafiti wetu mpya Desemba iliyopita.

Mdogo wako akupendaye


Chumba cha kushonea
22 Machi

Wewe,

Unanifundisha kukagua nyayo! Subiri nikuhadithie za nyayo.

Ilikuwa pini yangu ya kushikia pindo, ile yenye kichwa chekundu. Iliingia yote kwenye unyayo, chini ya kidole hicho walichokikata, nikatembea nayo siku tatu. Niliinuka, nikapima wateja, nikakanyaga cherehani, na sikusikia hata kidogo. Binti yangu ndiye aliyeona damu sakafuni, akafuata matone mpaka kwenye kiti changu, akapiga ukelele. Daktari alipokichomoa kichwa chekundu akaniuliza, mama, huyu mdudu umemlea muda gani? Sukari yako, akasema, si ya jana wala juzi. Walinigundua miaka mitatu iliyopita, macho yalipoanza ukungu, lakini anasema imenila kimyakimya muda mrefu kabla ya hapo. Sasa uzi ananitungia mtoto. Mimi! Niliyekuwa natunga uzi huku natazama dirishani.

Washiriki kadhaa walitaka kujishona wenyewe? Kumbe mlikuwa na mafundi cherehani wangapi mle ndani? Mlifungua kiwanda? Usinifanye mtoto. Mimi ndiye niliyekufundisha kufunga kamba za viatu.

Sasa nikukumbushe, maana naona kanuni zimekusahaulisha. Baada ya ile mara ya kwanza ulinipigia simu. Ukasema Dada samahani, kipande chako kimeharibika, friza ilizimika, barafu iliyeyuka, njoo tena. Siku hiyo mtoto alikuwa na homa. Nikamwacha kwa jirani, nikaja, nikalala kwenye kile kitanda chenye karatasi, nikakatwa tena. Miaka mitano baadaye ukaniita mara ya tatu, ukasema ni ya kufungia hesabu tu. Nikaja. Kwa nini mtu ambaye namba yake haijulikani anaitwa mara tatu na mtafiti mkuu mwenyewe, kwa jina lake, kwa simu yake ya nyumbani?

Sikungoji unijibu. Nimemwandikia yule mama anayetunza mafriza yenu, mnayemwita Mama Barafu. Kila nilipotoka kukatwa yeye ndiye aliyeniletea chai na kuniuliza kama naweza kusimama. Wewe ulikuwa umeshakimbia na kipande chako.

Dada yako


Chumba cha mafriza, ghorofa ya chini
2 Aprili

Kwako mama fundi,

Nimepokea barua yako. Nakukumbuka vizuri. Ulinirekebishia kola ya koti langu la kazi huku umekaa na ganzi pajani, na hiyo kola haijalegea mpaka leo.

Umeniuliza kama friza ilizimika mwaka ule. Mama, mimi nimeyatunza haya mafriza miaka ishirini na mbili. Umeme ukikatika jenereta inawaka, jenereta ikigoma mimi mwenyewe nakuja na barafu kavu kwenye toroli. Haijawahi kuyeyuka hata siku moja. Aliyesema imeyeyuka amenivunjia heshima, na ningejua wakati ule tungesemezana.

Nimefungua daftari. Siku ya kipande chako cha kwanza imeandikwa: "Namba 7. Imetumika yote. Matokeo hayajawahi kuonekana. Irudiwe kuhakikisha." Mwandiko ni wa mdogo wako. Kipande hakikuharibika, mama. Kilikuwa kizuri mno.

Kuna jambo la pili. Kanuni yetu inasema mshiriki akionekana ana hatari, aandikiwe barua ndani ya siku thelathini. Kwenye jalada la Namba 7 nimekuta bahasha imebandikwa stempu, na juu yake pana jina lako na anwani yako. Haikutumwa. Nimefikiri siku mbili. Mimi nastaafu Septemba, na barua yenye jina la mtu ni ya mtu huyo. Naiambatanisha hapa. Nimekutumia nakala ya bahasha pia, kwa sababu pembeni pameandikwa kitu.

Nisamehe kwa chai yenye sukari.

Mama Barafu


(Barua iliyoambatanishwa, ya miaka kumi na moja iliyopita)

Ndugu Mshiriki,

Vipimo vya msuli wako vinaonyesha kuwa mwili wako unaitikia insulini kwa kiwango cha chini sana, ingawa sukari yako kwa sasa ni ya kawaida. Watu wenye hali hii wana uwezekano mkubwa wa kupata kisukari miaka ijayo. Habari njema ni kwamba ukianza mapema, mazoezi na mpangilio wa chakula vinaweza kuchelewesha au kuzuia ugonjwa. Tafadhali fika kliniki ukiwa na barua hii.

(Pembeni ya bahasha, kwa kalamu: "Isitumwe hadi baada ya sampuli ya mwaka wa tano. Akibadili maisha, matokeo yataharibika.")


Chumba cha kushonea
9 Aprili

Barua yako imenifikia. Miaka kumi na moja njiani, na stempu imebandikwa vizuri, hongera.

Binti yangu alinisomea. Alipofika kwenye "habari njema" akaishusha karatasi. Nikamwambia soma. Akasoma mpaka pembeni. Kisha akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Sikuiti jina lolote leo, kwa sababu kila nililolifikiria haliandikiki na mtoto atalisoma. Baba alipokatwa mguu wewe ulikuwa na miaka kumi na mbili. Uliapa mbele ya kitanda chake kwamba utautafuta huu ugonjwa mpaka uupate. Basi uliupata. Uliupata kwa dada yako, ukauangalia unakua, ukawa unaupima urefu.

"Akibadili maisha." Ningebadili, wewe! Ningetembea mpaka viatu vitoboke. Nilikuwa na miaka thelathini na nne, nina macho, nina vidole kumi.

Sasa sikiliza. Mambo mawili. La kwanza, tarehe 20 Juni, mbele ya watu wako wote, hutasema kichekesho. Utasoma hiyo barua uliyoificha, nakala nimekuwekea humu, kuanzia juu mpaka yale maneno ya pembeni, na utasema aliyeyaandika ni nani. La pili, Desemba ulimchukua mwanangu damu na kipande cha paja, ukamwambia ni utafiti mdogo tu. Ana miaka ishirini. Ni Namba ngapi yeye? Majibu yake yako wapi? Ulimbandikia stempu naye?

Usipofanya hayo, ninayo nakala ya fomu niliyosaini. Nimeitunza kwenye mkebe wa vifungo miaka yote hii, mimi situpi karatasi. Kifungu cha tisa: "Mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu, na sampuli zake zote zitateketezwa." Zote. Za nchi kumi na nne.

Dada yako, Namba 7


Nyumbani
19 Aprili

Dada,

Ni kweli. Yote.

Nimeandika sentensi hiyo na nimekaa nayo saa nzima, kwa hiyo acha niendelee kabla sijaichana. Nilijua tangu kipande cha kwanza. Nilidhani nimekosea, kwamba niliziachia seli chakula chenye insulini kabla ya kuzipima, kosa la mwanafunzi. Nikarudia mara tatu mpaka msuli ukaisha. Hakukuwa na kosa. Nilifurahi, Dada. Nilikuwa natembea peke yangu kwenye korido nacheka. Ilinichukua siku nzima kukumbuka kwamba ule msuli ni wewe.

Barua niliiandika siku iliyofuata. Nilikuwa na stempu mkononi. Lakini duniani hakukuwa na msuli mwingine kama ule ambao dawa wala mazoezi hayajaugusa, na nilitaka kuuona unavyokwenda. Nikasema miaka mitano si kitu. Nikasema pengine hutaugua. Mwaka wa tano sukari yako ilikuwa imeshaanza kupanda, na nikasema nimalize kwanza makala. Makala ilipotoka nikaona aibu kukwambia, na kila mwaka aibu ilizidi. Nilikuwa siji nyumbani kwa sababu nilikuwa naogopa kukuona unavyotembea.

Lakini na mimi nina hasira, usidhani ni wewe tu. Nani alikuwa anamfunga Baba bandeji kwenye kisiki cha mguu? Wewe ulikuwa unashona, mimi ndiye niliyekuwa naifungua ile harufu kila asubuhi kabla ya shule. Miaka ishirini nautafiti huu ugonjwa, na sijawahi hata siku moja kujichoma kidole nikaipima sukari yangu. Siwezi. Mkono unakataa. Ningeweza kuyajua ya kila mtu, si yangu.

Nakuomba usisaini. Dawa iko katikati ya majaribio na ushahidi wake wote umesimama juu ya seli zako. Watu kumi na wanane wanafanya kazi kwangu. Hotuba nitaifanya unavyotaka. Nitaisoma barua, na maneno ya pembeni, na nitasema ni yangu. Naahidi kwa kaburi la Baba.

Mpwa wangu ni Namba 31. Majibu yake bado hayajatoka.

Mdogo wako


Chumba cha kushonea
22 Juni

Nilikuja. Uliniona.

Kiti cha mbele, kama ulivyosema, na kibandiko chenye jina langu. Nilivaa lile gauni la kijani nililolishona mwenyewe wakati bado naona. Mwanangu kushoto, fimbo kulia. Mkuu wa chuo alikusifu mpaka nikahisi njaa. Ukapanda. Ukaonyesha picha za seli zangu ukutani, kubwa kama dirisha, zimepakwa rangi ya kijani na nyekundu. Nzuri, sikatai. Nikasema moyoni, haya, sasa.

Nikaona mkono wako unaingia mfuko wa ndani wa koti. Niliiona karatasi, pembe yake. Ukatazama ukumbi, ukanitazama mimi, ukatazama wale maprofesa wakubwa wa mstari wa pili. Mkono ukatoka mtupu. Ukatabasamu, ukasema: "Na sasa niwaambie kuhusu mwanamke aliyemfukuza daktari kwenye mshono wake mwenyewe."

Walicheka, bwana. Ukumbi mzima. Mwanamume mmoja nyuma yangu alipiga makofi.

Mwanangu akaniambia, Mama, twende. Tukasimama katikati ya vicheko. Watu wakavuta miguu wanipishe, wakidhani mama mtu mzima anatafuta choo. Kwenye korido alikungoja yeye peke yake, mimi nimekaa kwenye ngazi. Akakuuliza, Mjomba, majibu yangu yametoka? Ukamshika bega, ukasema tutaongea. Nilisikia. Masikio bado ninayo.

Ulinidanganya mara ya kwanza kwa sababu ya msuli. Safari hii ni kwa sababu ya nini? Makofi?

Fomu nimeisaini. Imo kwenye bahasha nyingine, imekwenda kwa Mama Barafu moja kwa moja, nakala kwa kamati yenu ya maadili. Najua dawa inatoka humo. Usinihubirie. Nimelala na hilo siku mbili, nimelia nalo, na huenda dawa hiyo ndiyo itakayomfaa mwanangu. Lakini nyama yangu haitakaa kwenye friza la mtu anayenifanya kichekesho cha watu. Na kama kweli unautaka sana msuli wa namna ile, mbona unao? Baba mmoja, mama mmoja. Una mapaja mawili, mdogo wangu. Jikate.

Dada yako


Chumba cha mafriza
7 Julai

Mpwa wangu,

Nakuandikia wewe kwa sababu mama yako hatafungua barua yangu. Msomee ukitaka.

Majibu yako, kwanza, kabla sijasema neno lingine. Namba 31 ni wewe. Msuli wako unaitikia insulini kwa kiwango cha chini, kama wa mama yako alipokuwa na miaka thelathini na nne. Sukari yako ni ya kawaida kabisa leo. Una miaka ishirini na una muda, ule ambao yeye nilimnyang'anya. Kwenye bahasha kuna barua ya kliniki na jina la daktari wa kike ambaye hafanyi kazi na mimi. Nenda wiki hii.

Majibu haya yalitoka tarehe 9 Mei. Siku ya hotuba yalikuwa mfukoni mwangu pamoja na ile barua ya mama yako. Karatasi zilikuwa mbili, nami sikutoa hata moja. Sina la kusema kuhusu hilo ambalo wewe hujalifikiria tayari.

Fomu ya mama yako ilifika Jumatatu. Vichupa vyake vilikuwa arobaini na kimoja. Nilimwomba Mama Barafu anisaidie, akanirushia glavu. Akasema, "Si wewe uliyesema barafu iliyeyuka? Haya, iyeyushe." Akakaa kwenye stuli yake akinitazama. Nilivitoa kimoja kimoja, nikavimwaga kwenye beseni la dawa. Haichukui hata nusu saa. Nimeziandikia maabara za nchi zote kumi na nne nazo zimwage. Tatu zimenijibu kwa matusi. Majaribio ya dawa yamesimama, na kamati imenisimamisha mimi pia mpaka uchunguzi uishe. Barua ya mama yako niliwasomea wale kumi na wanane, na maneno ya pembeni. Hakuna aliyecheka.

Alhamisi nilijichoma kidole. Mkono ulikataa mara mbili, Mama Barafu akanishikia. Sukari iko juu, si kwa ajabu, lakini juu. Ijumaa nikalala kwenye kile kitanda chenye karatasi, na daktari akachukua kipande kwenye paja langu la kulia. Inauma zaidi ya nilivyokuwa nawaambia watu. Kwenye kichupa sikuweka namba. Nimeandika jina langu kamili, na chini yake kwamba ni ndugu wa mwanamke aliyejitoa. Siruhusiwi kukipima mwenyewe sasa. Atakayeendeleza kazi atakikuta.

Kipande chako kiko salama na ni chako. Ukisema kitolewe, kitatolewa.

Mjomba wako


Chumba cha kushonea
15 Julai

Imefika.

Nilisomewa mhuri wa posta kwanza, ndipo nikamruhusu mtoto afungue. Siku tatu njiani. Sawa.

Kliniki ameshakwenda. Kila asubuhi anatoka kutembea, na mimi ananivuta na fimbo yangu mpaka kona ya barabara, nafika natukana. Kipande chake amesema kikae, ila kibandikwe jina, na kila mtakachokiona humo aambiwe yeye kwanza, kabla ya gazeti, kabla ya profesa yeyote. Ameandika mwenyewe kwa kamati. Huyo hamtamchezea.

Mimi bado nina hasira na wewe. Usije ukadhani kidonda cha paja kimelipa kitu. Kidole changu hakioti, macho yangu hayarudi, na kila nikimwita mtoto anitungie uzi nakutaja, si kwa wema. Sijui kama itaisha. Sikupi ahadi.

Ila mtoto anasema picha uliyomtumia kwa simu inaonyesha mshono wenyewe. Anasema umekwenda upande, nyuzi zimeachana kama meno ya mtoto, na pembeni pana wekundu. Mtu mwenye sukari haachi wekundu pajani wiki nzima, mjinga wewe, hukujifunza chochote kwa Baba?

Njoo Jumamosi, asubuhi, wakati mwanga wa dirishani ni mzuri. Usilete zawadi, usilete maneno. Njoo nikuone huo mshono.

Dada